Kazi na Pumziko kwa Aliyetoka Katika Nyumba ya Mapigo

Somo letu la mwezi huu lawahusu dada zetu waliopigwa na waume zao, wakakimbilia kwa wazazi au kwa ndugu. Wamo katika sharika zetu za Usambara, nasi twawajua.

Mwaka mmoja mwanamke wa namna hiyo alirudi kwa kaka yake, katika kijiji kilicho juu ya Lushoto. Alfajiri alikuwa shambani. Jioni alipanda mlima na mzigo wa kuni kichwani. Usiku alipukuchua mahindi. Sisi tulimsifu kwa bidii yake. Kumbe aliogopa kukaa, maana akikaa alisikia tena makelele ya nyumba ile. Tena aliogopa wifi yake asimwone kuwa mzigo. Mwezi wa pili alianguka njiani na kuni zake, akaugua siku nyingi. Ndipo tulipotambua ya kuwa sifa zetu zilimzidishia uchovu.

Nabii Eliya alipomkimbia Yezebeli (1 Wafalme 19), alilala chini ya mti akitamani kufa. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Angalieni utaratibu huu: chakula na usingizi kwanza, safari baadaye.

Lakini kukaa tu si dawa. Aliyeogofywa siku nyingi, mwili wake wakesha hata pasipo adui, na akiwa peke yake mchana kutwa mawazo humlemea. Twajua habari ya mashamba yetu ya miteremko: yakilimwa kila msimu pasipo kupumzishwa, udongo huchoka na mvua za masika huuchukua, yakiachwa kabisa, magugu huyatawala.

Basi yatupasa haya:

1. Asipimwe kwa kazi. Wenyeji wake wamwambie waziwazi ya kuwa chakula chake si ujira.

2. Aanze na kazi ndogo yenye mwisho, kama kupalilia tuta moja, naye achague mwenyewe. Maana huko alikotoka hakuachiwa kuchagua. Siku ikiwa nzito, apunguze pasipo kuona haya.

3. Alale mahali salama, kwa kuwa penye hofu hapana pumziko. Wazee wasimrudishe kwa haraka kwa ajili ya mahari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi mtu haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Tena vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

4. Aliyepigwa kichwani, akiwa na kizunguzungu au kusahausahau, apelekwe hospitali. Vivyo hivyo aliyekosa usingizi majuma mengi. Huo si uvivu.

Swali la kujifunza: Ni nani kwetu tunayemsifu kwa bidii, wala hatujamwuliza kama analala usiku? Juma hili tumwulize, na mmoja wetu amchukulie kuni zake.