SOMO: KUCHAGUA VIZIBO VYA MASIKIO KWA WAPANDA PIKIPIKI WA CHAMA



Katika vyama vingi vya msingi pikipiki imekuwa chombo cha kazi kama ilivyo mizani. Katibu huipanda kwenda chama kikuu na benki, karani wa mizani huipanda kwenda vituo vya kununulia mazao, na bwana shamba huitumia kuwafikia wakulima. Kamati hukumbuka kutenga fedha za petroli, matairi na bima. Kofia ngumu nayo hukumbukwa, maana sheria inaidai. Lakini kiungo kimoja cha mpanda pikipiki husahauliwa, nacho ni sikio. Shabaha ya somo hili ni kueleza kwa nini sikio hilo linahitaji kinga, na jinsi ya kuchagua vizibo vitakavyofaa.

Kelele inayodhuru ni ipi?

Watu wengi hudhani kuwa kinachomdhuru mpanda pikipiki ni mlio wa injini. Mlio huo unayo sehemu yake, hasa bomba la moshi likiwa limetoboka. Hata hivyo, mwendo ukishazidi kiasi cha kilometa 65 kwa saa, mvumo wa upepo unaoizunguka kofia huushinda mlio wa injini. Vipimo vilivyofanywa Uingereza katika miaka ya 1990 vilionyesha kuwa kelele ndani ya kofia hufikia takriban desibeli 90 kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, na takriban desibeli 100 mwendo ukipita kilometa 100 kwa saa. Kofia hukiokoa kichwa wakati wa ajali, na hakuna kitu kinachoweza kuwa badala yake. Lakini haizuii sana mvumo mzito wa upepo.

Tukumbuke pia kuwa desibeli hazihesabiwi kama kilo. Zikiongezeka 3 tu, nguvu ya sauti huwa maradufu. Zikiongezeka 10, nguvu hiyo huwa mara kumi. Kwa sababu hiyo taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini ilipendekeza mwaka 1998 kwamba mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo upunguzwe kwa nusu. Maana yake ni hii:

Desibeli 85: saa 8
Desibeli 88: saa 4
Desibeli 91: saa 2
Desibeli 94: saa 1
Desibeli 97: dakika 30
Desibeli 100: dakika 15

Tuchukue mfano. Katibu anasafiri kilometa 60 kwenda chama kikuu na 60 kurudi, kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa. Atakuwa barabarani saa moja na nusu. Tukikadiria kelele ndani ya kofia yake kuwa desibeli 94, amepita kiwango cha siku kwa nusu saa nzima. Safari moja haimfanyi mtu kiziwi. Lakini safari hiyo ikirudiwa kila wiki, msimu baada ya msimu, madhara hulimbikizana kama riba ya deni.

Chama kinapata hasara gani?

Ndani ya sikio mna chembe ndogo zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio, ambazo kazi yake ni kuipokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Chembe hizo zikifa kwa kelele hazioti tena, wala hakuna dawa ya kuzirudisha. Zinazotangulia kufa kwa kawaida ni zile za sauti nyembamba. Mtu bado husikia ngoma na gari, lakini herufi kama s, t na f humpotea. Dalili ya mwanzo ni mlio wa masikio baada ya safari, au kusikia watu kana kwamba wanazungumza nyuma ya blanketi.

Sasa tuitazame mizani. Msoma mizani hutaja uzito, na karani huuandika katika daftari na katika stakabadhi. "Sitini" na "tisini" hutofautiana kwa herufi hizo hizo mbili, s na t. Karani asiyezisikia vizuri anaweza kumpunja mkulima kilo 30, au kukitia chama hasara ya kilo 30, na yote hayo bila nia mbaya. Sikio la mtumishi ni mali yake kwanza, lakini ni chombo cha kazi ya chama pia.

Aina za vizibo

Vya sponji laini. Hivi ni rahisi kwa bei, na vikivaliwa ipasavyo huzuia sauti vizuri. Haviumizi chini ya kofia. Vikichafuka au vikiwa vigumu hutupwa.

Vya mpira au silikoni vyenye pete pete. Vinaoshwa kwa maji na sabuni, na vinadumu kwa muda mrefu. Lakini masikio hayalingani. Chagua ukubwa unaolifaa sikio lako, na uhakikishe kuwa kikonyo chake hakisukumwi na kofia.

Vyenye chujio. Huacha maneno yasikike vizuri zaidi, lakini baadhi yake hupitisha sana mvumo mzito wa upepo. Soma pakiti kabla ya kununua.

Vya kufinyangwa kwa umbo la sikio la mtu mmoja. Ni vizuri, lakini vina bei kubwa na huhitaji fundi maalumu.

Pamba haimo katika orodha hii. Sisi wa maeneo ya pamba tunayo tele, na wengi huitia masikioni. Lakini upepo wa pikipiki huipenya pamba kwa urahisi, nayo humpa mtu imani isiyo na msingi. Vipokea sauti vya muziki navyo si kinga, kwani mtu hulazimika kuongeza sauti ya muziki ili aushinde upepo.

Kuisoma pakiti

Vizibo vilivyopimwa kwa viwango vya Marekani vina alama NRR. Tarakimu inayofuata alama hiyo imepatikana katika maabara, ambako kizibo huvalishwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa matumizi ya kawaida toa 7, kisha gawa kwa 2. Kizibo cha NRR 29 kitahesabiwa kuwa kinapunguza desibeli 11. Kelele ya 94 itabaki 83, na katibu wa mfano wetu atakuwa salama.

Vilivyopimwa kwa viwango vya Ulaya vina alama SNR, na mara nyingi herufi H, M na L, yaani uwezo wa kuzuia sauti nyembamba, za kati na nzito. Kwa kuwa mvumo wa upepo ni sauti nzito, mpanda pikipiki alinganishe tarakimu za L. Kizibo kisicho na tarakimu yoyote kwenye pakiti kisinunuliwe kwa fedha za chama.

Namna ya kuvaa

Kizibo bora kikivaliwa vibaya hakifai kitu. Nawa mikono. Kisokote kizibo cha sponji kiwe chembamba bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, livute sikio juu na nyuma kidogo, kisha ingiza kizibo na ukishike kwa kidole kwa nusu dakika mpaka kitanuke. Kikikaa sawasawa, sauti yako mwenyewe itasikika nzito, kama unayesemea mtungini. Funika masikio kwa viganja. Kelele ikipungua sana, kizibo hakijaziba, nawe uanze upya. Wakati wa kukitoa, kizungushe polepole. Mwenye sikio linalouma au linalotoa usaha asitie kizibo, bali amwone mganga.

Je, honi zitasikika?

Swali hili huulizwa na wengi. Kizibo hakichagui kuizuia honi na kuuacha upepo. Hupunguza vyote viwili. Mwendo ukiwa mkubwa, upepo ndio unaoificha honi, na kizibo hakiifichi zaidi ya hapo. Mjini, kwa mwendo mdogo na magari mengi, upepo ni hafifu. Hapo si lazima kuvaa vizibo. Popote pale, vioo vya pikipiki vitumiwe. Na tusisahau kwamba kupunguza mwendo ni kinga isiyonunuliwa.

Wajibu wa kamati

Tanzania inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, nayo inamtaka mwajiri kuwalinda watumishi wake dhidi ya madhara ya kazi. Chama cha ushirika kinachoajiri ni mwajiri kama wengine. Inafaa vizibo viwekwe katika makisio ya mwaka chini ya kifungu cha pikipiki, viingizwe katika leja ya vifaa, na kila mtumishi apewe vyake asivyoazimana na mwenzake.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni watumishi wangapi wa chama chetu wanaopanda pikipiki, na kila mmoja hukaa barabarani saa ngapi kwa wiki?
2. Mtumishi yuko katika kelele ya desibeli 97. Ni muda gani unaomfaa kwa siku bila kinga? Akivaa kizibo cha NRR 29, zitabaki desibeli ngapi?
3. Kwa nini tarakimu ya L ni muhimu kwa mpanda pikipiki kuliko ile ya H?
4. Kwenye mizani yetu, tufanye nini ili uzito usitegemee sikio la mtu mmoja peke yake?