Barua kwa Wabia: Matumizi Sahihi ya "On behalf of"



Barua nyingi za sharika kwenda kwa wabia wa nje huandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi hutumia maneno "on behalf of", yaani "kwa niaba ya". Ni maneno machache, lakini ndiyo yanayomweleza mbia ni nani anayesema na ni nani atakayewajibika. Tuzingatie mambo manne.

1. Maneno yote matatu yawepo. Tuandike: "On behalf of the committee, we thank you." Tusiandike "On behalf the committee" wala "On the behalf of the committee". Tukitaka kusema "kwa niaba yetu", tuandike "on our behalf".

2. Mtu hajiwakilishi mwenyewe. Katika hotuba tumezoea kusema "kwa niaba yangu binafsi na ya kamati". Kwa Kiingereza ni vizuri zaidi kuandika: "The committee and I thank you."

3. Tusichanganye na "on the part of", yaani "kwa upande wa". Fundi akichelewa, tuandike: "There was a delay on the part of the builder." Tukiweka hapo "on behalf of", mbia anaweza kudhani kwamba kazi ilicheleweshwa kwa faida ya fundi.

4. Tuwe waangalifu zaidi panapohusu fedha. Tulinganishe:
"The treasurer received the money."
"The treasurer received the money on behalf of the committee."
Sentensi ya kwanza inasema tu kwamba mweka hazina alipokea fedha. Ya pili inasema alizipokea kwa ajili ya kamati, na kamati nzima itatoa hesabu.

Kwa sababu hiyo, mtu asiandike maneno haya kabla kikao hakijamruhusu na uamuzi kuingizwa katika muhtasari. Kiingereza kizuri hakiwezi kuziba pengo la idhini ambayo haikutolewa.

Zoezi la kikao
Sahihisheni:
(a) "On behalf our parish, I greet you."
(b) "The pastor signed on the behalf of us."

Majibu:
(a) "On behalf of our parish, I greet you."
(b) "The pastor signed on our behalf."