Kupanga Studio Karibu na Mji Mkongwe wa Southampton: Piga Hesabu Kabla Hujatuma Hela

Wenzetu wanaopata nafasi ya kusoma Uingereza huniuliza zaidi habari za geto kuliko za masomo. Wana haki. Kodi ndiyo inayokula hela nyingi, na ukikosea pale mwanzoni, posho ya muhula mzima inaweza kuyeyuka kabla hujaingia darasani. Nilisoma mwaka mmoja Southampton, mji wa bandari kusini mwa England, nikipanga studio karibu na katikati ya mji. Haya ndiyo niliyojifunza.

Studio ni nini? Kwa lugha yetu ya mtaani ni "self" ambayo kitanda, meza na jiko viko chumba kimoja. Choo na bafu tu ndivyo vyenye mlango wao. Huchangii jiko na mtu, ila bili zote ni zako peke yako.

Sasa mahali penyewe. Katikati ya Southampton kuna Bargate, lango la mawe la zama za kati, pamoja na vipande virefu vya ukuta wa zamani. Titanic iliondoka kwenye bandari hiyo tarehe 10 Aprili 1912. Mabomu ya mwaka 1940 yalibomoa sehemu kubwa ya mji, ndiyo maana leo jengo la karne nyingi limekaa ubavuni mwa ghorofa jipya. Kwa mpangaji hilo si historia tu. Jengo la zamani linaweza kuwa na madirisha ya kioo kimoja, na upepo wa bahari wa Januari hauna huruma. Omba cheti cha matumizi ya nishati: madaraja ni A hadi G, na kwa kawaida nyumba ya kupangisha haitakiwi kushuka chini ya E. Ukienda kuangalia chumba, chungulia nyuma ya kabati na pembe za dirisha. Ukiona ukungu mweusi, au rangi mbichi kwenye kona moja tu, uliza maswali. Uliza pia kama joto ni la umeme au gesi, na nani analipa.

Njoo kwenye hesabu, maana hapa wengi huchanganya. Kodi ya pauni 200 kwa wiki si pauni 800 kwa mwezi. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo ni 200 × 52 ÷ 12, yaani karibu pauni 867. Tofauti ya pauni 67 kila mwezi ni chakula cha siku nyingi.

Huko dalali hakudai kodi ya mwezi mmoja kama huku kwetu. Tangu tarehe 1 Juni 2019, sheria ya England inakataza kumtoza mpangaji ada za kuoneshwa chumba, kuandikiwa mkataba au kuhakikiwa. Amana ya kushikia chumba isizidi kodi ya wiki moja. Amana kuu isizidi wiki tano, kwa kodi iliyo chini ya pauni 50,000 kwa mwaka. Kwa mfano wetu, wiki tano ni pauni 1,000. Akitaka 1,300, mkatalie kwa adabu na umtajie sheria.

Mara nyingi amana hiyo lazima iwekwe kwenye mfuko ulioidhinishwa na serikali ndani ya siku 30, na upewe maelezo kwa maandishi. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kuamuru akulipe kati ya mara moja na mara tatu ya amana. Siku ya kuingia, piga picha kila kitu: godoro, jiko, zulia, hata mita. Zitume kwa barua pepe siku hiyohiyo ili tarehe ibaki.

Mwanafunzi wa muda wote anayeishi peke yake halipi kodi ya halmashauri, lakini lazima upeleke uthibitisho kutoka chuoni. Barua ya madai ikija, usiitupe, ijibu.

La mwisho ni la usalama. Wakala mmoja alinitaka nitume amana yote kabla sijaona chumba, eti kuna watu wanne wanakisubiri. Nikamwomba video ya moja kwa moja na anwani kamili. Akanyamaza hadi leo. Kama uko bado nyumbani, usilipe chumba usichokiona. Omba hosteli ya chuo kwa miezi ya mwanzo, au mtume mtu unayemwamini akakikague, na mkataba wako upeleke kwenye ofisi ya ushauri ya umoja wa wanafunzi wausome kabla hujasaini. Huduma hiyo kwa kawaida ni bure.