NENO DOGO "AO": KUJITAYARISHA KWA MASOMO YA SHERIA



Finalisti wengi wanasema: "Mimi nitafanya droit." Ukiuliza sababu, wanajibu: "Najua kusema mbele ya watu." Mimi pia nilijibu vile. Leo nataka kuwaonyesha ya kuwa kazi ya kwanza si kusema, ni kusoma.

Wakati wa vakansi baba yangu mkubwa alileta barua ya mwenye nyumba, imeandikwa Kifaransa. Akaniuliza: "Mtoto, ile karatasi inasema nini?" Nikasoma mbio mbio, nikamwambia alipe deni la miezi mitatu na atoke. Akauza kinga yake ili apate franga za nyumba ingine. Kisha siku nne mwalimu mmoja aliisoma ile barua: alipe AO atoke. Na franga za deni alikuwa nazo! Baba mkubwa hakunigombeza, lakini mpaka leo anaenda kazini kwa miguu.

Sasa tufanye zoezi. Kifungu cha 18 cha Katiba yetu ya 18 Februari 2006 kinasema mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoelewa. Tena kinasema asifungiwe kwa polisi kupita saa 48. Saa zile zikiisha, aachiliwe ao apelekwe kwa wakubwa wa sheria wenye uwezo juu ya mambo yake.

Swali: Petro alikamatwa Juma tatu saa mbili ya asubui. Juma tano saa mbili, ni lazima arudi nyumbani? Wengi wanajibu ndiyo. Hapana. Anaweza kuachiliwa, ao kupelekwa kwa wakubwa wale. Lakini kama Juma ine angali kwa polisi tu, Katiba imevunjwa. Mumeona kazi ya neno moja?

Basi, kila siku mufanye hivi:
1. Soma fungu moja la Kifaransa mara tatu, pole pole.
2. Piga mstari chini ya maneno madogo: na, ao, isipokuwa, mbele ya, kisha.
3. Eleza kwa Kiswahili kwa mtu asiyejua Kifaransa, halafu yeye akurudilie. Akikosa, pengine kosa ni lako.

Mlango wa universite ni diploma ya Leta. Katika Ekzameni ya Leta, disertasion inatangulia. Kisha zinakuja siku ine: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsion. Pursa 50 zinatosha kwa kupata diploma, lakini fakilte inaweza kuomba zaidi, ao kutia mtihani wake wa kuingia. Uliza kwanza kwa biro ya universite yenyewe, mbele ya kulipa franga hata moja. Tayarisheni dosye mapema: barua ya kuomba, buletini za miaka ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, na picha.

Fakilte ya Sheria iko katika universite za Leta za Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Upande wa Waprotestanti, iko UPC Kinshasa na ULPGL Goma. Kwa mpango wa LMD, lisansi ni miaka 3 na masta miaka 2. Anayetaka kuwa avoka anafanya tena staji ya miaka 2, kufuatana na sheria ya 28 Septemba 1979. Ni safari ndefu. Tusiianze kwa mbio.

Wadogo zangu, musingoje kuwa finalisti. Leo jioni mtu wa kwenu akileta karatasi, ikae mkononi mwako kidogo. Isome mara tatu mbele ya kufungua kinywa.

Mkubwa wa wanafunzi, finalisti