Helikopta Iliyoachwa Inafufuliwaje? Somo la Programu, Fizikia na Ruhusa

Mwanachuo mwenzangu, ukisikia mtu anasema programu fulani "imekufa", muulize swali moja: imekufa kwa ugonjwa gani? Chuma huota kutu, mpira hupasuka, lakini faili haliozi. Programu ya mwaka 2006 iko vilevile ilivyokuwa siku ilipotoka. Kilichobadilika ni vitu vilivyoizunguka: mfumo wa kompyuta, aina ya mafaili, seva ya leseni, na watu waliokuwa wakiitunza. Kwa hiyo kabla ya kufufua chochote, sharti ujue kwanza ni kipi kati ya hivyo kilichoondoka.

Tutajifunza jambo hili kupitia mfano mmoja: helikopta za kompyuta. Wako watu wengi duniani wanaorusha ndege nyumbani kwa simuleta, yaani programu inayoigiza urubani. Simuleta huja na ndege zake chache, halafu watengenezaji wengine, mara nyingi mtu mmoja au wawili tu, huuza nyongeza: ndege moja iliyotengenezwa kwa undani zaidi. Mtengenezaji akiacha kazi, nyongeza yake huacha kuuzwa. Simuleta mpya ikitoka, ile helikopta uliyoilipia haiingii. Hapo ndipo watu huanza kuulizana: jamani, hii kitu haiwezi kufufuliwa?

Inawezekana, ila si kwa kunakili mafaili kutoka folda moja kwenda nyingine.

HISTORIA KIDOGO

Microsoft Flight Simulator ilianza kwenye kompyuta za PC mwaka 1982, na helikopta ya kwanza ndani yake, Bell 206B JetRanger, ilikuja na toleo la FS98 mwaka 1997. Toleo maarufu la FSX lilitoka 2006. Mwaka 2009 Microsoft ikaifunga studio iliyokuwa ikilitengeneza. Watumiaji wengine waliendelea na FSX, wengine wakahamia Prepar3D ya Lockheed Martin, wengine X-Plane. Mwaka 2020 Microsoft ikarudi na simuleta mpya kabisa iliyotengenezwa na Asobo ya Ufaransa. Kumbe siku inatoka haikuwa na helikopta hata moja! Wapenzi wa helikopta walisubiri hadi Novemba 2022, zilipoongezwa Bell 407 na Guimbal Cabri G2.

Angalia mkatiko ulivyo. Nyongeza za FSX zilijengwa kwa biti 32, na programu ya namna hiyo haiwezi kutumia kumbukumbu inayozidi jigabaiti 4. Prepar3D ilipohamia biti 64 mwaka 2017, vipimo vya dashibodi vilivyoandikwa kwa lugha ya C na kufungwa kama programu za biti 32 viligoma. Simuleta ya 2020 nayo ikaja na utaratibu mwingine: maumbo yake yako katika mfumo wa glTF badala ya MDL ya zamani, na msimbo wa vipimo hutafsiriwa kwanza kuwa WebAssembly.

SEHEMU TANO ZA HELIKOPTA

Nyongeza ya helikopta ina sehemu tano, na kila moja hufa kivyake.

Ya kwanza ni umbo: bodi, viti, mapanga, na picha za rangi zinazobandikwa juu yake. Ukiwa na faili asilia la kazi, kulihamisha ni kazi ya siku au wiki. Ukiwa na faili lililokwisha kufungwa tu, ni kama kupewa chapati ukaambiwa urudishe unga.

Ya pili ni tabia ya kuruka. Hii ndiyo roho ya helikopta, na tutairudia.

Ya tatu ni mifumo: umeme, mafuta, joto la injini, taa za tahadhari. Katika helikopta ya turbini rubani asipoangalia joto wakati wa kuwasha, injini inaweza kuungua kabla hata hajainuka. Nyongeza nzuri huigiza hilo, na uigizaji huo uko ndani ya msimbo, si kwenye picha.

Ya nne ni sauti. Huonekana jambo dogo, lakini mara nyingi sauti zilirekodiwa na mtu mwingine kabisa, mwenye haki zake.

Ya tano ni kufuli la leseni. Nyongeza nyingi za kulipia huuliza seva kwenye intaneti kama wewe ni mnunuzi halali. Seva ikizimwa, mnunuzi halali hubaki mlangoni na ufunguo wake mkononi. Hela aliitoa, stakabadhi anayo, bidhaa hana.

RUHUSA KABLA YA MSIMBO

Wengi hapa huruka hatua. Wanasema, "Si imeachwa? Basi ni ya wote." Hapana. Kuacha kuuza siyo kuacha kumiliki. Kwetu Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, na kwa kuwa nchi yetu iko katika Mkataba wa Berne, kazi ya mgeni inalindwa pia. Kenya nayo ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Programu iliyoachwa bado ina mwenyewe. Tatizo ni kwamba mwenyewe hajulikani alipo, au amechoka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya ufufuaji ni barua, na iandikwe vizuri. Usiombe "ruhusa" kwa jumla jumla. Uliza kila sehemu: Je, mafaili asilia ya umbo yapo? Msimbo upo? Sauti ni zako au ulizinunua? Unaruhusu toleo jipya lisambazwe bure, au liuzwe? Jina la nyongeza litumike au libadilishwe? Jibu litunzwe kwa maandishi, maana neno la simu halina shahidi.

Asipojibu? Hapo una njia moja safi: jenga upya kutoka mwanzo. Hakimiliki hulinda kazi aliyoifanya yule mtengenezaji. Haimzuii mtu mwingine kuchora na kuandika Bell 206 yake mwenyewe kwa kutumia vipimo vya helikopta halisi. Ila kudesa faili la mwenzio na kubadilisha rangi siyo kujenga upya, na wewe unajua.

FIZIKIA IWE HAKIMU

Sasa turudi kwenye roho. Utajuaje kwamba helikopta uliyoifufua inaruka kama helikopta na si kama puto? Hisia hazitoshi, tumia namba. Tuchukue Bell 206B: uzito wa juu ni kilo 1,451, na kipenyo cha pangaboi kuu ni mita 10.16. Eneo linalofagiwa ni kama mita za mraba 81.

Ili ielee hewani bila kusogea, pangaboi lazima lisukume hewa chini kwa nguvu sawa na uzito, yaani newtoni 14,230 hivi. Kasi ya hewa hiyo ni kipeuo cha pili cha uzito uliogawanywa kwa mara mbili ya densiti ya hewa mara eneo. Usawa wa bahari, densiti ni kilo 1.225 kwa mita ya ujazo. Unapata mita 8.5 kwa sekunde. Zidisha kasi hiyo kwa uzito: kilowati 121. Hiyo ni nguvu ya pangaboi kamilifu, ambalo halipo duniani. Pangaboi halisi hupoteza, tuseme, asilimia 30 ya nguvu, na pangaboi la mkia linadai kama sehemu ya kumi juu yake. Tunafika kilowati 190 hivi. Kikomo cha nguvu cha Bell 206B ni farasi 317, sawa na kilowati 236. Basi kwa makadirio haya, Dar es Salaam inainuka na akiba inabaki.

Sasa ipeleke Uwanja wa Wilson, Nairobi, mita kama 1,690 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, densiti kama 1.04. Kokotoa upya: kasi inakuwa mita 9.2, nguvu kamilifu kilowati 131, na kwa makadirio yaleyale unafika karibu 206. Akiba imepungua, na injini yenyewe pia hupungukiwa nguvu kwenye hewa nyepesi. Kama helikopta yako kwenye kompyuta inainuka Wilson kwa wepesi uleule wa Dar, umefufua picha tu.

Yapo majaribio mengine yasiyohitaji hata kikokotoo. Pangaboi kuu la Bell 206 huzunguka kinyume cha saa ukiliangalia kutoka juu. Kwa hiyo ukivuta wenzo wa kolektivu bila kugusa pedali, pua lazima igeuke kulia. Ukielea karibu na ardhi, unahitaji nguvu pungufu kuliko ukielea juu. Ukianza kwenda mbele, ukifika kasi ya noti 16 hadi 24, helikopta inapata nguvu ya ziada ya kuinuka, kwa sababu pangaboi linakutana na hewa mpya isiyovurugwa. Yaandike haya kama orodha ya mtihani kabla hujagusa msimbo, halafu ujisahihishe bila huruma.

HELIKOPTA ILIYOWAHI KUFUFUKA KWELI

JetRanger yenyewe ni mfano wa ufufuaji. Bell iliunda helikopta nyepesi ya upelelezi kwa ajili ya shindano la Jeshi la Marekani. Ikaruka Desemba 1962, na mwaka 1965 ikashindwa na Hughes. Wangeweza kuifungia bandani. Badala yake wakatazama kilichokuwa kizima na kilichokuwa kibaya. Mitambo ilikuwa sawa, ila bodi ilikuwa nyembamba na haikuwavutia wanunuzi wa kiraia. Wakaichora bodi upya, na Januari 1966 ikaruka 206A. Mwaka 1968 jeshi lilelile likaichagua. Waliweza kwa sababu michoro walikuwa nayo, wahandisi walikuwepo, na ilikuwa mali yao.

LINATUHUSU NINI?

Linatuhusu sana. Kila mwaka miradi ya mwaka wa mwisho inawasilishwa vyuoni, inapewa alama, halafu inalala ndani ya flashi ya mtu. Mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anaanza jambo lilelile kutoka sifuri, kwa bumu lilelile dogo. Linganisha na FlightGear, simuleta iliyoanza miaka ya 1990 kwa leseni ya GPL: mchangiaji mmoja akichoka, mwingine anafungua msimbo na kuendelea bila kumtafuta mtu wala kusubiri barua. Tofauti yake na nyongeza iliyokufa si akili za watengenezaji, ni uamuzi uliofanywa siku ya kwanza.

Kwa hiyo unapomaliza mradi wako, acha vitu vinne pamoja: mafaili asilia, siyo yaliyofungwa tu, leseni iliyoandikwa, hata kama ni ukurasa mmoja, orodha ya vitu vya watu wengine ulivyotumia, na majaribio yanayoonyesha namba gani zilitegemewa. Hiyo ni kazi ya jioni moja. Anayekuja nyuma yako bila vitu hivyo anaweza kupoteza muhula mzima.

ZOEZI

1. Kokotoa nguvu kamilifu ya kuelea ya helikopta yenye kilo 1,451 kama pangaboi lake lingekuwa na kipenyo cha mita 8. Jibu linakuambia nini kuhusu urefu wa mapanga?

2. Chukua mradi mmoja wa mwanafunzi aliyehitimu katika idara yako, kwa ruhusa yake. Taja ni sehemu zipi kati ya tano bado ni hai.

3. Andika barua ya ruhusa isiyozidi ukurasa mmoja. Mpe mwenzako aisome, na akuonyeshe swali ulilolisahau.