Dawa ya Kubomoa Protini Ikigoma, Tafuta Imekwama Wapi

Lenalidomaidi na pomalidomaidi haziui seli za mayeloma moja kwa moja. Zinanasa kwenye protini iitwayo serebloni, nayo ikiwa na dawa huzikamata Ikaros na Aiolos, protini mbili ambazo seli hizo zinazitegemea ili ziishi. Zikishakamatwa hubandikwa ubikwitini, kisha proteasomu huzikatakata. Hatua moja tu ikiharibika, dawa inadoda. Kwa hiyo unaposhika seli sugu maabara, usikimbilie kuongeza dozi.

1. Angalia kama protini inabomoka. Weka dawa kwenye seli sugu na kwenye seli zinazoitikia. Siku ya pili toa protini, zitenganishe kwenye jeli, uzitafute Ikaros na Aiolos kwa kingamwili. Mistari ikififia pande zote mbili na bado seli sugu zinastawi, dawa imefanya kazi yake. Sababu iko mbele zaidi, kwa hiyo pima IRF4 na MYC, protini zinazopaswa kushuka Ikaros na Aiolos zikibomolewa. Mistari ikibaki mizito kwa seli sugu, nenda hatua ya pili.

2. Pima serebloni. Usiishie kwenye mabadiliko ya jeni. Pima pia wingi wa protini yenyewe, na usome RNA kuona kama eksoni ya 10 imerukwa, kwa kuwa sehemu hiyo inahusika na mahali dawa inaponasa. Uthibitisho ni kurudisha serebloni nzima ndani ya seli: zikianza tena kufa kwa dawa, mhalifu umempata.

3. Chunguza pampu na dozi. Hatua hii inahusu hasa PROTAC, yaani vibomoaji vyenye ncha mbili, moja ya kushika protini lengwa na nyingine ya kushika kimeng'enya kinachobandika ubikwitini. PROTAC ni molekuli kubwa, na baadhi yake hutupwa nje ya seli na pampu ya MDR1. Jaribu tena ukiwa umeizuia pampu hiyo. Pima dozi nyingi, kuanzia ndogo kabisa: PROTAC ikizidi, kila molekuli hushika upande mmoja tu, lengo na kimeng'enya havikutani, na ubomoaji unapungua. Huo si usugu.

4. Chagua njia kulingana na jibu. Serebloni ikiwa imepungua lakini ipo, jaribu iberdomaidi au mezigdomaidi, ambazo zinaishika kwa nguvu zaidi. Ikiwa haipo kabisa, hizo nazo hazitafaa kitu. Tumia kibomoaji kinachopitia VHL, protini nyingine inayofanya kazi kama ya serebloni, au silaha isiyohitaji serebloni, kama kingamwili ya daratumumabu.

Tahadhari moja: bortezomibu huzuia proteasomu, hivyo ukiiweka pamoja na lenalidomaidi kwenye sahani, Ikaros inaweza kubaki. Hicho ni kidhibiti kizuri cha jaribio. Usiwaambie madaktari kwamba dawa hizo hazipatani. Kwa wagonjwa zimetumika pamoja miaka mingi, na zinasaidia.