Kusahau Sio Kupona



Kijana mwenzangu, leo tutafakari jambo ambalo wengi wetu tunalibeba kimya kimya: majeraha ya utotoni. Kuna aliyepigwa mpaka akazimia, kuna aliyeguswa vibaya na ndugu wa karibu, kuna aliyekua akiambiwa kila siku kwamba hana maana. Utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini kwetu mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ni karibu 1 kati ya 7. Kwa hiyo hata kwenye kwaya yenu au jumuiya yenu, wapo.

Mara nyingi tunawaambia, "Sali tu, samehe, sahau." Lakini je, kusahau ndiyo kupona?

Tumwangalie Yosefu. Aliuzwa na kaka zake akiwa na miaka 17. Baadaye akawa mkubwa Misri, akapata mtoto, akamwita Manase, kwa maana Mungu amemsahaulisha taabu zake (Mwa 41:51). Ukigeuza ukurasa mmoja tu, kaka zake wanafika kununua nafaka, na Yosefu anajitenga nao akalie (Mwa 42:24). Jina la mtoto linasema amesahau, machozi yanasema bado. Na Biblia haimlaumu kwa machozi hayo.

Huku Chome na Upareni kote tunazijua ndiva. Ndiva ikijaa tope, ukiitazama kwa juu unaona maji yapo. Ukifungua mfereji, maji yanaisha kabla ya kufika shambani. Jeraha la utotoni liko hivyo. Mtoto anayeishi kwa hofu, mwili wake unazoea kukaa macho muda wote, na mazoea hayo hayaondoki kwa sababu tu amefikisha miaka 20. Ndiyo maana mtu anashtuka akisikia sauti kali, halali vizuri, anakimbilia pombe, au hamwamini yeyote anayempenda. Mwingine hata "Baba Yetu" inamkwama kooni, maana neno "baba" kwake lina fimbo.

Hapa nataka tuelewane vizuri. Wapo vijana wanaoungama kama dhambi jambo walilofanyiwa wakiwa watoto. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba dhambi ni lazima iwe tendo la hiari. Wewe ulikuwa mtoto, hukuchagua. Ulichofanyiwa ni dhambi ya aliyekufanyia, sio yako. Dhambi inahitaji maondoleo, jeraha linahitaji matibabu.

Mtakatifu Yosefina Bakhita wa Sudan alitekwa akiwa mtoto mdogo. Hofu ilimfanya asahau hata jina alilopewa na wazazi wake, na "Bakhita" ni jina la watekaji. Unaona? Alisahau, lakini kusahau huko ndiko kulikuwa jeraha lenyewe. Alianza kuinuka alipopata watu wa kumlinda na kumfundisha kwamba yupo Mungu anayempenda. Alibatizwa mwaka 1890, akawa sista, na baadaye alisimulia maisha yake, yakaandikwa. Makovu ya mwilini alibaki nayo mpaka kifo chake mwaka 1947.

Sasa tufanye nini? Ndiva haizibuliwi na mtu mmoja, ni kazi ya msaragambo. Tafuta mtu mmoja salama umwambie: padre, sista, mwalimu, mshauri nasaha au daktari. Kusema ukweli sio kuvunja amri ya kuheshimu wazazi. Kusamehe nako hakukulazimishi kurudi kwenye nyumba yenye hatari. Kama unajua mtoto anayeumizwa sasa hivi, piga 116 bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Na kama wewe ndiye unayesimuliwa, usiulize "kwa nini hukusema mapema?" Sikiliza, na utunze siri yake, ila kama kuna mtoto aliye hatarini, mtafutieni msaada pamoja.

Kwa tafakari: Je, kuna jambo nimelifunika nikaliita limepona? Nani anaweza kukaa nami nikilisema?

Tusali: Ee Yesu, uliyefufuka ukiwa na alama za misumari, utufundishe kutoyaonea aibu makovu yetu. Mtakatifu Bakhita, utuombee. Amina.